Nyimbo za bro MySpace zimeenda wapi?

SWALI: Mambo kaka, bro wangu alikuwa anachana hip hop hapa Chuga enzi hizo, kama 2008 hivi, nyimbo zake alizipandisha MySpace kwenye kafe ya kule karibu na Mnara wa Saa, sidii zenyewe zilishakwaruzika zamani. Juzi nimeingia nikakuta jina lake lipo, majina ya nyimbo yapo, nabonyeza hakuna kinacholia. Ni bando langu au? Na ule mtandao uliangukaje wakati kila msanii alikuwa huko?
Chalii wa Ngarenaro, Arusha

JIBU: Poa chalii, bando lako halina shida. Mwaka 2019 MySpace wenyewe walisema walipokuwa wanahamisha seva, mafaili ya zamani yaliharibika, na inatajwa zimepotea nyimbo zaidi ya milioni 50. Bakapu? Hamna. Inauma kwakweli.

Kuanguka kwake sasa. Ulianza Marekani 2003, 2005 News Corp, kampuni ya vyombo vya habari ya Rupert Murdoch, ikainunua kampuni mama ya MySpace kwa dola milioni 580, na 2006 Google wakaahidi dola milioni 900 za matangazo ila kwa masharti watu wawe wengi humo. Hapo ndo pakaharibika, maana matangazo yakajazwa kila kona, ukibonyeza hiki unafunguliwa ukurasa mwingine ili matangazo yahesabike, na bado kila mtu kapamba ukurasa wake na nyota zinazomemeta na wimbo unaojipigia wenyewe, we umelipia nusu saa kafe ukurasa bado unajivuta tu. Watu husema Facebook ndo iliiua, mi naona ilijimaliza yenyewe na tamaa ya zile hela, Facebook ilikuja tu na kurasa nyepesi. 2008 MySpace ikapitwa na Facebook duniani, 2011 ikauzwa kama dola milioni 35 tu, Justin Timberlake akiwemo kwenye wanunuzi.

Sasa ya bro. Ingia Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni inayotunza vitu vya zamani, tafuta mkusanyo unaoitwa MySpace Dragon Hoard, kuna nyimbo kama 490,000 za 2008 mpaka 2010 zilizokuwa zimeshakopiwa kabla. Andika jina lake la kisanii vilevile alivyoliandika yeye, hata kama alikosea spelingi. Ukikosa, tafuta prodyuza aliyemrekodi au madijei wa kipindi kile, wengi wana hadidiski kabatini, na ukiipata usiiwashe washe hovyo, mpelekee fundi akopi kwanza.