Roketi kubwa ya karatasi: anza na kiunzi

Kama umeamua kuunda chombo kikubwa cha anga kwa karatasi, karibu sana. Naipenda kazi hii kwa moyo wote, na ningependa roketi yako ya kwanza ifike mwisho, isiishie kabatini ikiwa nusu. Nyingi huishia huko, na mara nyingi chanzo si uvivu wa aliyeanza. Ni kosa dogo la ndani lililofanyika wiki ya kwanza, ambalo haliwezi kurekebishwa tena wiki ya nane.

Nitatumia Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga Mwezini, kwa sababu ina karibu kila kitu utakachokutana nacho: silinda ndefu, koni, injini, mabomba na mnara mwembamba kileleni.

Kabla hujachapisha ukurasa wowote, amua skeli, yaani roketi yako itakuwa ndogo mara ngapi kuliko ile halisi, na uamue ukiwa na rula mkononi. Roketi yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 110.6. Kwa 1:144 unapata kitu cha sentimita 77 hivi, na kwa 1:96 unapata sentimita 115. Anayeanza huona hapo tofauti ya urefu tu. Angalia unene. Hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini kabisa ya roketi, ilikuwa na kipenyo cha mita 10.1. Kwa 1:144 mzingo wake ni sentimita 22, kwa hiyo ngozi, yaani karatasi ya nje yenye michoro, inazunguka yote kwa upana wa A4 iliyolazwa, ambao ni sentimita 29.7. Kwa 1:96 mzingo unafika sentimita 33 na A4 haitoshi. Ngozi itakuwa na mishono miwili badala ya mmoja, na kila mshono ni mahali pengine pa kukosea. Kwa roketi ya kwanza nakushauri 1:144. Najua unaitaka ile kubwa. Itakungoja.

Usichukue faili ya michoro ya 1:96 ukaikuza mara mbili ukidhani umepata 1:48. Michoro itakua, lakini unene wa karatasi utabaki uleule, na ngozi iliyokaa imara kwenye kipenyo cha sentimita 10 italegea na kubonyea kwenye kipenyo cha sentimita 21. Itahitaji karatasi nzito zaidi na kiunzi kilichosukwa upya.

Sasa kiunzi chenyewe. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko mahali pengine popote.

Silinda ya karatasi tupu haibaki duara. Inabonyea, inakaa kama yai, na ukiiwekea hatua ya pili juu inalala upande. Ndiyo maana ndani tunaweka duara za kadibodi ya milimita moja, juu, chini na katikati, zikiwa zimeshikwa na kuta mbili za kadibodi zilizopishana kama msalaba. Duara hizo hazionekani kazi ikiisha, kwa hiyo mtu huzikata haraka haraka ili afike kwenye ngozi yenye rangi. Nilifanya hivyo hivyo. Katika roketi yangu ya kwanza duara mbili za chini zilizidi kipenyo kwa milimita moja, nikajiambia milimita moja si kitu. Lakini kipenyo kikizidi milimita moja, mzingo unazidi zaidi ya milimita tatu. Ngozi ilipozunguka ikaacha mwanya wa milimita tatu kwenye mshono, mweupe, ukianzia chini na kupungua kuelekea juu. Nikauvuta kwa nguvu hadi ukafunga. Karatasi ikakubali, ila upande mmoja ukakaza kuliko mwingine, na hatua nzima ikainama kama digrii moja. Digrii moja huioni ukiwa na hatua moja mkononi. Kwenye urefu wa sentimita 115 ni sentimita mbili kileleni, na hizo kila mtu aliziona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga, nikaubomoa, nikaanza upya.

Kwa hiyo kata duara nje kidogo ya mstari, kisha uipunguze kwa msasa laini ukizungusha duara na si mkono. Ukingo ukianza kufumuka, upitishie tone la gundi kali inayoshika papo hapo, uache ukauke, halafu urudie msasa. Kadibodi itakuwa ngumu kama ubao mwembamba. Pima kwa kuizungushia ngozi yenyewe bila gundi. Ngozi ifunge bila kuvutwa na bila kucheza. Ikigoma, punguza duara. Usiikate ngozi kamwe, kwa sababu ngozi ndiyo yenye michoro na ukiipunguza mistari ya rangi haitakutana tena.

Kupima bila gundi ndiyo tabia ninayotamani uondoke nayo kuliko ujuzi mwingine wowote. Kila kipande kivalishwe mahali pake kikiwa kikavu, kitazamwe mbele na ubavuni, ndipo gundi ifunguliwe. Hata silinda inayoingia ndani ya nyingine. Karatasi yenye unene wa milimita 0.2 inataka ya ndani iwe na mzingo mfupi kwa milimita 1.3 hivi kuliko ya nje, na wachora michoro hawakumbuki jambo hili kila mara.

Kuhusu karatasi: gramu 160 hadi 200 kwa mita mraba kwa ngozi, 80 hadi 120 kwa vitu vidogo kama mabomba ya injini. Karatasi ina mkondo wake kama ubao. Ikunje taratibu upande mmoja bila kuivunja, kisha upande wa pili. Utasikia upande mmoja unakubali na mwingine unabisha. Silinda izungushwe kwa upande unaokubali. Ukiizungusha kinyume itavunjika mistari midogo ambayo hakuna rangi itakayoificha. Usiikunje ghafla pia. Ilaze juu ya kitu laini, upitishe kalamu nene juu yake mara kadhaa, na itaanza kujipinda yenyewe. Ikifika mahali ukiiachia inakaribia kujifunga, iko tayari.

Kwenye printa chagua asilimia 100 na uzime uchaguzi wa kupunguza picha ili ienee ukurasani. Chapisha ukurasa mmoja, pima mstari unaoujua urefu wake, ndipo uendelee. Kama printa yako ni ya wino wa maji, nyunyizia kurasa vanishi isiyong'aa kabla ya kukata, la sivyo kidole chenye unyevu kitaburura rangi nyeusi juu ya nyeupe. Kwenye Saturn V hilo linaumiza, maana mabaka yale meusi na meupe ndiyo sura yake. Hayakuwa urembo: yaliwasaidia waliokuwa wakiifuatilia roketi kuona inavyojizungusha ikipaa. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha hatua moja na nyingine, chora mstari mmoja wa penseli ndani ya kila hatua, upande uleule, na mistari hiyo ndiyo itakayokutana. Ukitegemea macho utapindisha. Na chagua safari moja uifuate hadi mwisho. Saturn V ilipaa mara 13 kati ya 1967 na 1973, alama hazikuwa zilezile zote, na ile ya mwisho iliyobeba kituo cha anga cha Skylab haikuwa hata na chumba cha wanaanga kileleni.

Gundi nyeupe ya kawaida inatosha. Iweke kwa kijiti cha meno, kiasi ambacho ukibana hakitokezi nje. Wanaoanza huweka nyingi kwa kuogopa isishike, na maji yake ndiyo yanayokunja karatasi. Kwa mishono mirefu ya ngozi napendelea kukata zile ndimi za gundi zote, yaani vipande vya ukingoni vya kupakwa gundi, na kuweka utepe wa karatasi kwa ndani, kingo mbili zikikutana uso kwa uso. Ulimi huacha ngazi ndogo ambayo mwanga wa pembeni huifichua. Kabla ya kufunga, pitisha penseli ya rangi kwenye kila ukingo uliokatwa. Karatasi ni nyeupe ndani, na mstari mweupe katikati ya baka jeusi unavuta jicho kabla ya kitu kingine chochote.

Wembe ubadilishwe mara kwa mara. Wembe butu hauchani karatasi vizuri, unaivuta. Mistari ya kukunja ipitie kwa kalamu iliyokauka wino na rula ya chuma kabla ya kukunja.

Injini ni raha ya kazi hii, na zinataka subira yake. Hatua ya kwanza ina injini tano za aina ya F-1. Mdomo wa kila moja ulikuwa na upana wa mita 3.7, kwa hiyo kwa 1:144 ni sentimita 2.6. Umbo la kengele hulipati kwa koni moja. Unapanga koni fupi nne au tano zinazozidi kupanuka, kila moja ikikaa juu ya mwenzake. Mimi hutengeneza saba na kuchagua tano zinazofanana, kwa sababu zikisimama pamoja chini ya roketi macho yanazilinganisha bila hata kutaka. Zifanye siku mkono umetulia. Usizifanye usiku baada ya kazi ndefu.

Mnara wa uokoaji ulioko kileleni uache mwisho kabisa. Vijiti vyake vizungushe kwa karatasi ya gramu 80 juu ya sindano, gundi kidogo kwenye ukingo, kisha uchomoe sindano kabla gundi haijashika. Vitatoka vigumu kuliko unavyotarajia.

Usigundishe hatua zote ziwe kitu kimoja. Acha kila hatua iingie kwenye mwenzake kwa kola ya kadibodi ya sentimita mbili, ili uweze kuitenganisha ukihama chumba, au kufungua mahali palipoharibika. Ukishaisimamisha, iweke mbali na dirisha. Wino wa printa hupauka juani, na unyevu hulegeza ngozi hata kama kiunzi ni kizuri. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, kutoka juu kwenda chini, ukiwa umeshika hatua ya kwanza kwa mkono mwingine.