Bibi Shamba Anajibu: Msambu wangu hauzai, niukate?

Shikamoo Bibi Shamba. Nina shamba la iliki na pilipili manga huku Amani, wilayani Muheza. Ndani yake kuna misambu minne, ile miti mirefu ya msituni yenye mbegu za mafuta, ambayo marehemu baba aliiacha alipokuwa anafyeka. Mitatu inaangusha matunda kila msimu na mbegu tunauza. Wa nne ndio mnene kuliko yote, unatoa maua mpaka chini kunajaa, lakini sijaokota hata tunda moja. Mtu wa mbao ameshanitajia bei. Jirani naye anasema mti tasa unakula shamba bure. Nishauri kabla sijapokea pesa. – Msomaji wa Amani

Marahaba mwanangu. Usipokee hizo pesa.

Huo mti si tasa. Kwa dalili ulizonieleza, una msambu dume. Misambu iko kama mipapai: kuna miti inayotoa maua ya kiume tu na mingine ya kike tu, na tunda hubebwa na jike peke yake. Lakini jike halizai bila chavua, na chavua inatoka kwa dume. Hiyo mitatu inayokupa mbegu inamtegemea huyo unayetaka kumpeleka kwenye msumeno.

Usiniamini kwa maneno matupu, nenda ukaangalie. Msimu wa maua ukifika, okota maua yaliyodondoka chini ya huo mti mnene, uokote na ya mti unaozaa, kisha uyapasue kwa wembe. Yote yana petali 5 nene zenye rangi ya maziwa au njano hafifu. Tofauti iko katikati. La dume lina vifungu 5 vyenye nyama vilivyojaa chavua, hata kidole kinachafuka ukigusa. La jike lina kijitunda kichanga cha kijani ambacho ndicho kitakuja kuwa lile tunda refu la kahawia linalokutisha ukilala chini yake. Na utishike kweli, maana tunda la msambu hufika sentimita 30 na zaidi, uzito wake kilo kadhaa, nalo huanguka kutoka juu ya mti unaoweza kufika mita 40. Watoto wasicheze chini ya jike msimu wa matunda.

Ukishahakikisha kwamba ni dume, zunguka mashamba ya majirani zako. Je, kuna dume lingine karibu? Kama hakuna, mti wako unahudumia majike ya kitongoji kizima, si matatu yako tu, na huyo jirani anayekuhimiza ukate huenda ana jike lake linalozaa kwa sababu ya dume lako. Mwambie hivyo, kwa upole. Na hata kama madume mengine yapo, huo mti bado una kazi. Iliki yako inataka kivuli na unyevu, na msambu hauachi majani yote kwa pamoja kama miti mingine. Ni wa kijani mwaka mzima. Kama kivuli kimezidi, punguza matawi ya chini.

Mbao za msambu nazifahamu. Ni za kawaida tu, za masanduku na kazi ndogo za ujenzi. Bei unayotajiwa utaipata mara moja. Mbegu za msambu zina mafuta yanayoganda yenyewe bila kupikwa kiwandani, kwa sababu yamejaa asidi za mafuta ziitwazo steariki na oleiki. Mabibi zetu walizianika, wakazitwanga, wakazichemsha na kuengua mafuta ya kupikia. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaruhusu mafuta hayo yatumike katika siagi za kupaka mkate, na ndiyo maana wanunuzi wanapanda mpaka huko kwenu. Nasikitika sana ninapoona dume limelazwa chini kwa kuwa tu mwenye shamba hakuambiwa. Mti wa kutoka kwenye mbegu hukaa miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza, na mpaka siku hiyo hakuna anayejua kama ni dume au jike. Ukikata leo, hilo pengo utalijaza lini?

Bibi Shamba, nimesoma habari za mafuta ya msambu. Nina ekari mbili Kibaha, maji ya kisima yapo. Naweza kupanda? – Msomaji wa Kibaha

Hapana, baba. Msambu ni mti wa misitu ya milima yenye ukungu. Kwao ni Usambara, Uluguru, Udzungwa na milima jirani, na haupatikani nje ya Tanzania. Ndugu zake wako kwenye misitu ya mvua ya Ghana, Kameruni na kwingineko Afrika Magharibi na Kati. Amani hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hewa yake ni ya baridi na mbichi. Kisima kitakupa maji ya mizizi, ila hakitakupa hewa hiyo. Kwa joto la Kibaha, panda mkorosho.

Shikamoo bibi. Sisi ni kikundi cha akina mama milimani huku Lushoto. Tulipanda mbegu za msambu kwenye viriba, tukamwagilia miezi mitano, hakuna kilichochipua. Tulizinunua kwa mtu anayekausha mbegu za kuuza. Pia tulipokusanya matunda msituni, panya buku waliyamaliza usiku. Tufanyeje? – Katibu wa kikundi

Marahaba wanangu. Mbegu iliyokaushwa kwa ajili ya mafuta imeshakufa, haifai kwa kitalu. Mbegu ya msambu haivumilii kabisa kukauka. Tafuteni matunda mapya yaliyoanguka yenyewe, myafunike kwa majani mpaka nyama ile laini inayoteleza ioze, kisha mtoe mbegu na kuziosha. Halafu menyeni ganda la nje taratibu kwa kisu kidogo, msiguse kiini, mziweke mahali penye unyevu na kivuli. Zisizomenywa zinaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kuchipua, zilizomenywa huwahi sana. Kwa hiyo hata hiyo miezi mitano, kwa mbegu nzima, ilikuwa michache.

Mkipata mtu anayejua kubebesha, yaani kuunga kijitawi cha mti mmoja kwenye mche wa mwingine, ombeni vikonyo kutoka kwenye jike linalozaa vizuri mbebeshe miche yenu. Hapo mtajua jinsia tangu siku ya kwanza, na mti utawahi kuzaa. Ila msibebeshe majike matupu. Tengeni miche michache ya dume, muitawanye katikati ya shamba.

Kuhusu panya buku, wekeni matunda kwenye kichanja kilichoinuka na kuzungushiwa mabati, karibu na nyumba. Msiwategee sumu msituni. Mbegu ile ni nzito, upepo hauwezi kuibeba. Panya buku huibeba kwenye mashavu, huifukia mbali na mti mama, na asizozirudia ndizo huota. Huyo ndiye mnyama ambaye Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinashirikiana na wanaomfundisha kunusa mabomu ya ardhini, maana pua yake ni kali ajabu. Mkiokota msituni, acheni kila mara matunda kadhaa chini ya kila mti kwa ajili yake, na kabla ya kuingia kwenye msitu wa hifadhi muulizeni ofisa misitu wa eneo lenu utaratibu wa kukusanya.