Re: Kifurushi kimepungua dakika, na salio linaliwa

Mkuu, unasema kampuni ya simu imekupunguzia dakika za kifurushi na salio nalo linaliwa. Bei ileile kwa dakika pungufu ni kupandisha bei tu, hata waipambe vipi. Kanuni za TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) za Aprili 2021 zinataka kifurushi kilichoidhinishwa kidumu angalau miezi 3 bila kubadilishwa, kwa hiyo piga skrinshoti ya menyu siku unayojiunga, uwe na ushahidi wakikibadilisha mapema.

Hiyo buku mbili ya salio lako iliyoyeyuka kwa kupiga simu mara moja, cheki kwanza kama dakika zilikuwa za mitandao yote. Mara nyingi ni za mtandao mmoja, ukipiga mtandao mwingine unakatwa salio kwa bei ya kawaida. Au kifurushi kiliisha ukiwa hewani. Kanuni hizohizo zinataka utumiwe meseji matumizi ya kifurushi yakifika asilimia 75 na 100, na uweze kuzima matumizi nje ya kifurushi. Zima leo.