Kinga inanishambulia utumbo, ninywe vidonge vya kuongeza kinga?

SWALI: Habari dokta. Nimepimwa kwa kamera nikaambiwa nina ugonjwa wa Crohn, eti kinga yangu yenyewe ndo inashambulia utumbo. Nimeandikiwa dawa za kushusha kinga. Naharisha, nimekonda, halafu nishushwe tena? Si bora nitafute vidonge vya kuongeza kinga?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Hivyo vidonge usinunue kwanza, maana kinga yako haiko chini, imewaka na haizimi. Utumboni mwa kila mtu kuna bakteria matrilioni na wengi hawana shida yoyote, ute unaofunika ukuta wa utumbo unawazuia wasisogee na kuna seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutuliza zingine. Kwako utulivu huo umevurugika, kinga inawaona hao bakteria kama maadui, inamwaga protini za kuita seli zaidi, mojawapo inaitwa TNF, seli zikija nazo zinaita zingine, basi utumbo unavimba na kutoka vidonda. Mwiba ukikuchoma kidole nacho kinavimba hivyohivyo, ila kidole kinapoa baada ya siku chache, utumbo wako haupoi.

Na usijilaumu kwamba ni kitu ulichokula. Mwaka 2001 watafiti walihusisha ugonjwa huu na jeni iitwayo NOD2, inayosaidia seli kutambua vipande vya bakteria. Wapo wenye hitilafu kwenye jeni hiyo na hawaugui kamwe, kwa hiyo urithi peke yake hautoshi. Ila kama unavuta sigara acha leo, kwa Crohn sigara inachochea kabisa.

Sasa dawa. Steroidi zinapoza haraka lakini si za kutumia miaka. Infliksimabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, inaikamata TNF yenyewe. Hofu yako haijakosa msingi, TB iliyolala inaweza kuamka, ndo maana lazima upimwe TB kabla ya kuanza dawa ya aina hiyo, na ukipata homa usikae nayo nyumbani. Chanjo zenye virusi hai usichome bila kuuliza.

Kinachoniumiza ni wagonjwa wanaoacha dawa wakishapata nafuu, tumbo limetulia lakini ndani vidonda bado vipo. Omba kipimo cha choo cha kalprotektini, ni protini ya seli nyeupe zinazovamia utumbo, ikiwa juu ujue moto bado upo hata kama huharishi, ukae na daktari wako mjadili dozi.