Saa Kwanza, Kilomita Baadaye

Swali la wiki hii linatutaka tuseme ni jambo gani la kupangwa mwanzo na mtu anayetaka kutembea siku nzima katika njia ngumu ya pwani, yenye magenge na miamba. Jibu langu ni saa. Wengi hufungua ramani, wakapima kilomita 20, wakaridhika kwa kuwa umbali huo wameuzoea katika ardhi tambarare. Lakini njia ya pwani hushuka kila penye kijito kiingiacho baharini, kisha hupanda tena ng'ambo, na vipando hivyo vifupi hulimbikizana hadi jumla yake ikapita ya mlima. Njia ya South West Coast Path ya Uingereza, yenye kilomita zipatazo 1,014, haivuki kimo cha mita 318 popote, ilhali anayeimaliza huwa amepanda jumla ya mita 35,000 hivi, karibu mara nne ya kimo cha Everest.

Ndiyo maana naitegemea kanuni iliyotolewa na Mskoti William Naismith mwaka 1892, ambayo kwa vipimo vya leo hutoa saa moja kwa kila kilomita 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 20 zenye mita 1,200 za kupanda ni saa sita, bila mapumziko. Kwa miamba yenye utelezi mimi huongeza theluthi moja, zikawa nane.

Hapo ndipo bahari yenyewe inapoingia katika hesabu, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Katika pwani nyingi, maji yakijaa hujaa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo saa zake husogea kila siku, na jedwali la wiki iliyopita halifai kwa safari ya leo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda juu zaidi. Tena hayapandi kwa mwendo mmoja: katika saa sita za kujaa, karibu nusu ya maji yote huingia katika saa ya tatu na ya nne, ndiyo maana ufuko uliokuwa mpana chini ya genge hutoweka upesi kuliko mtu alivyodhani. Afadhali kuanza kuuvuka maji yangali yanapwa, ili anayechelewa awe na akiba ya muda.

Pembeni mwa ramani ziandikwe njia zote za kutokea kuelekea bara, na mtu anayebaki nyumbani aachiwe nakala pamoja na saa ya kutarajiwa kurudi. Upepo mkali unaovuma kuelekea baharini, kwa maoni yangu, unatosha kuahirisha safari.

Mwisho hesabu ifanywe kinyumenyume. Jua likitua saa 12 jioni, nataka kuwa nimefika saa 10; saa nane za mwendo na moja ya kupumzika zinanitaka niondoke saa 1 asubuhi. Ikiwa mpango huo unanifikisha ufukoni maji yakijaa, basi nitaanzia upande wa pili wa njia, au nitachagua siku nyingine.