Fundi wa Kurasa Anajibu: Tasnifu yenye alama za kuuliza

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika tasnifu ya uzamili kwa LaTeX, programu ya kupanga kurasa, inahusu mvua za masika katika bonde la Kilombero. Nikiongeza jedwali au kitabu kwenye marejeo, PDF inatoka na alama za kuuliza mahali pa namba. Basi naita pdflatex, amri ya LaTeX ya kutoa PDF, naita Biber, programu ya kupanga marejeo, naita pdflatex tena na tena. Grafu nachora kwa Python. Data ikibadilika nasahau kuzichora upya, na msimamizi ndiye anayegundua. Rafiki kanishauri nitumie Make, programu ya kuendesha amri zenyewe pale faili linapobadilika. Nianzie wapi?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki yako kasema kweli kwa upande wa grafu. Kwa tasnifu yenyewe, Make peke yake itakutesa.

LaTeX husoma maandishi yako kutoka juu hadi chini. Ikikuta umetaja Jedwali la 4 kabla haijalifikia, haina namba ya kuweka, inaacha ??. Namba ikishapatikana inaandikwa kwenye faili la kumbukumbu la .aux, lisomwe raundi ijayo. Biber naye lazima aingie katikati. Halafu orodha ya yaliyomo ikirefuka hadi ukurasa wa pili, kurasa zote zinasogea, na raundi nyingine inahitajika.

Make aliitunga Stuart Feldman pale Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1976, kwa ajili ya watu wa programu. Inatazama saa za mafaili tu: kama chanzo ni kipya kuliko matokeo, inaendesha amri uliyoiandika. Sasa .aux linazaliwa na LaTeX na linasomwa na LaTeX hiyo hiyo. Make haijui mzunguko huo uishie wapi. Nawaona wanaobandika pdflatex mara tatu mfululizo ndani ya Makefile, faili la maagizo ya Make. Ukirekebisha koma moja unasubiri raundi zote tatu, na siku ikihitajika ya nne haipo.

Kwa hiyo gawanya kazi. Raundi mwachie latexmk, programu anayoiendeleza John Collins. Yenyewe inalinganisha yaliyomo ndani ya mafaili, inamwita Biber akihitajika, na inasimama pale ambapo hakuna kinachobadilika tena. Imo ndani ya TeX Live, mkusanyiko wa programu za LaTeX. Ukitumia mkusanyiko mwingine, MiKTeX, kwenye Windows, itabidi uweke kando Perl, lugha ya programu ambayo latexmk inaitegemea. Make ibaki na grafu, Makefile yako iwe hivi:

.PHONY: tasnifu.pdf
tasnifu.pdf: mvua.pdf
	latexmk -pdf tasnifu.tex
mvua.pdf: chora.py mvua.csv
	python3 chora.py

Ukigusa mvua.csv, grafu inachorwa upya kabla tasnifu haijaguswa. Mstari wa .PHONY usiuone pambo. Bila huo, Make itatazama mvua.pdf peke yake, na ukihariri sura ya pili itakujibu kwamba hakuna la kufanya. Ukiwa nao, latexmk inaitwa kila mara na kujiamulia.

Mistari ya amri ianze kwa kitufe cha Tab, si nafasi nane. Ukikosea utaambiwa «missing separator». Ni kero ya tangu enzi hizo: Feldman mwenyewe alisimulia kwamba alipotaka kurekebisha tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, wengi wao marafiki, akaona asiwavurugie. Marafiki dazeni moja, na dunia nzima inalipa!

Unapoandika, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uache latexmk -pdf -pvc tasnifu.tex ikikesha, kila ukihifadhi, PDF inajisasisha. Mambo yakivurugika kabisa, latexmk -C inafagia PDF na mafaili ya kati, uanze upya. Na kama baada ya hayo bado unaona ??, raundi hazina kosa. Tafuta neno «undefined» kwenye tasnifu.log, utaona lebo, yaani jina la kutajia jedwali, uliyoiandika hivi kwenye jedwali na vile kwenye maandishi.