Saa ya kupiga picha Kitulo

Ndugu uliyeuliza kwa nini picha zako za maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa iliyoko kusini mwa Tanzania, hutoka zimepauka, naamini tatizo ni saa uliyopigia, wala si kamera. Uwanda ule, ambao udongo wake wa volkeno ndio unaoyastawisha maua hayo, uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na jua la mchana likiwa wima hufuta rangi pamoja na mikunjo yote ya vilima. Lala Matamba, kijiji kilicho jirani, uingie hifadhini asubuhi mapema, wakati ukungu ungali mabondeni na mwanga unapiga ubavuni. Januari na Februari maua ni mengi, lakini mvua ni nyingi pia, hivyo beba kitambaa kikavu cha kufutia lenzi. Nakusihi usiyakanyage, piga magoti njiani, uyaweke mbele, milima ibaki nyuma.